Jina, Mji na Pindo: Kanga kama Sanaa ya Macho

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamekwisha kubishana vya kutosha juu ya fani na maudhui. Wako waliofananisha fani na kikombe, na maudhui na chai iliyomo ndani yake; wakajibiwa, tena kwa haki, kwamba kikombe chaweza kumwagwa chai yake kikabaki kikombe, ilhali shairi likivuliwa umbo lake halibakizi kitu cha kunywa. Mjadala huo umetufaa sana. Hata hivyo, kuna kitu kimoja ambacho idara zetu zinakishughulikia mwaka baada ya mwaka, na ambacho bado twakitenda kama kikombe na chai pasipo kuona haya. Kitu hicho ni kanga. Twaichukua nguo, twasoma maneno yake, twayanakili maneno katika kadi, kisha twairudisha nguo kwa mwenyewe.

Makala haya yanakusudia kuitazama kanga kwa msaada wa yale yanayoitwa vipengele na kanuni za msingi za usanifu katika sanaa za ufundi: mstari, umbo, rangi na nafasi kwa upande mmoja, urari, mapigo, mkazo, ukinzani na umoja kwa upande wa pili. Maswali yangu ni mawili. Kanuni hizo zatufunulia nini katika kanga? Na kanga nayo yafunua upungufu gani katika kanuni hizo?

Sina budi kuanza kwa kuungama. Nilipokuwa masomoni ng'ambo, tasnifu yangu ya shahada ya uzamili ilihusu maneno ya kanga. Niliyakusanya, nikayapanga kwa alfabeti, nikayagawa kwa dhamira: mapenzi, dua, wivu, masimango ya ujirani. Hapakuwamo mchoro hata mmoja. Watahini waliridhika nami nikaridhika. Niliporudi nyumbani nilimsomea shangazi yangu wa Mombasa orodha ile, nikitaraji sifa. Alisikiliza kwa adabu mpaka tukafika herufi ya J, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hiyo ya *Japo sipati tamaa sikati* ni ipi? Ile ya mikorosho au ile ya mawaridi?" Nilimjibu kwamba sikumbuki. "Basi wajuaje imesema nini?" Swali hilo halikuulizwa na mtahini yeyote, na ndilo lililozaa makala haya.

Kabla ya kuzitumia kanuni za usanifu, yafaa tujue zimetoka wapi, kwani vitabu vya shule huziorodhesha kana kwamba ziliteremshwa. Owen Jones alichapisha mjini London mwaka 1856 kitabu alichokiita *The Grammar of Ornament*, yaani sarufi ya nakshi, akatanguliza humo kauli 37 za jinsi nakshi inavyopasa kuwa. Sisi wa lugha hatuna haja ya kuelezwa uzito wa neno sarufi katika anwani kama hiyo. Sura yake ya kwanza iliwahusu watu aliowaita washenzi, ingawa, tumpe haki yake, aliisifu kazi ya mikono yao na kukiri kwamba jicho lao lilijua urari. Mwaka 1899 Mmarekani Arthur Wesley Dow alitoa kitabu *Composition*. Yeye alihesabu vipengele vitatu tu: mstari, rangi, na mpango wa mwanga na giza, ambao aliuita kwa neno la Kijapani, *notan*, kwa kuwa aliujua kutokana na sanaa ya Japani. Halafu ikaja shule ya Bauhaus, iliyofunguliwa Weimar mwaka 1919 na kufungwa mwaka 1933. Humo Johannes Itten alifundisha somo la utangulizi hadi mwaka 1923, na Wassily Kandinsky akaandika mwaka 1926 juu ya nukta, mstari na uwanja. Orodha tuliyonayo leo, ambayo mara huwa na vipengele vitano na mara saba, imechanganywa kutokana na mikono hiyo na mingine mingi. Hakuna aliyeitunga peke yake, na si sheria. Ni chombo cha kutazamia. Tena ni chombo ambacho tangu awali kilichota kutoka nchi za mashariki; kwa hiyo mwanafunzi wetu asione haya kukishika, wala asikisujudie.

Tuigeukie nguo yenyewe. Kanga, ambayo watu wa Mombasa huiita leso, ni kitambaa cha pamba cha mstatili, urefu wake kama sentimita 150 na upana kama 110, kinachouzwa kwa jozi iitwayo doti. Sehemu zake ni tatu na majina yake yanajulikana na kila mvaaji: pindo, mji na jina. Ningependa tusimame kidogo katika istilahi hizi, kwa sababu naziona kuwa ni uhakiki uliokamilika kabla mhakiki hajafika.

Pindo asili yake ni kupinda. Lakini pindo la kanga silo lile linalopindwa na cherehani. Lile la cherehani ni ukingo mwembamba ambapo doti imekatwa. Pindo la kanga ni mpaka uliochapwa, mpana, unaozunguka pande zote nne. Wavaaji wameliita mpaka kwa jina la kitendo kinachouzuia uzi usifumuke, na hiyo ndiyo kazi ya mpaka kwa jicho pia. Mji, nao, ni uwanja wa ndani. Mwenye kuuita uwanja huo mji alikwisha kuona kwamba nafasi si utupu unaosubiri kujazwa. Ni mahali panapokaliwa, penye ukuta na kitovu. Sijakutana na neno la kitaalamu lililo bora kuliko hilo kwa maana ya nafasi iliyozungukwa.

Linganisha na kitenge. Kitenge hakina mji wala pindo la namna hiyo. Ruwaza yake hurudia na kurudia, na muuzaji aweza kuikata popote mteja atakapo. Kanga haikatiki hivyo; ina mwanzo na mwisho kama ubeti. Masimulizi ya asili yake yanaeleza kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso (neno lenyewe ni la Kireno), wakazishona sita pamoja kuwa nguo moja, kabla ya wafanyabiashara kuanza kuleta kitambaa kizima kilichochapwa. Tukiyakubali masimulizi hayo, basi tuone lililotendeka kwa macho: nguo ya leso sita ina vitovu sita na haina mji. Kitambaa kizima kilipokuja, vitovu vile vilikusanywa kuwa kimoja na mipaka ikasukumwa nje. Hayo ni mageuzi ya usanifu, kutoka takriri hadi umoja, na sidhani kwamba yamepewa nafasi yanayostahili katika historia zetu za kanga, ambazo hukimbilia kueleza neno kanga kwa madoa ya ndege yule kisha zikaruka hadi kwenye methali.

Sasa jina. Anayetajwa kuwa wa kwanza kuchapisha maneno katika kanga ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, mwanzoni mwa karne ya 20. Hapo kwanza maneno yalikuwa kwa hati za Kiarabu, baadaye kwa za Kilatini. Jambo la kutazamwa ni kwamba wavaaji hawakuyaita maneno hayo ujumbe, wala maandishi, wala methali. Waliyaita jina. Jina si maudhui ya mtu. Jina ndilo tunalomwitia, naye akaitika mzima, na sura yake na mwendo wake. Sisi wahakiki ndio tuliolitenga jina na mwenye jina, tukadhani tumempata mtu kwa kuisoma kadi yake.

Ushahidi wa hoja hii ni kisutu, kanga ya harusi ya pwani, yenye rangi nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kisutu cha jadi mara nyingi hakina maandishi kabisa, na bado kina jina, na jina hilo ni la ruwaza. Mvaaji hakihitaji kisomwe. Kikionekana kwa mbali kimekwisha kusema kwamba kuna arusi. Itten, katika kitabu chake cha mwaka 1961 juu ya rangi, alitaja namna saba za ukinzani wa rangi, na mojawapo ni ukinzani wa kiasi: si rangi gani imekutana na ipi, bali ni eneo gani kubwa limekutana na eneo gani dogo. Kisutu chakaa juu ya ukinzani huo. Weupe ni kidogo, nao hufanya kazi ya kuzitenganisha rangi mbili nzito zisimezane. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta dhamira tu atasema kwamba kisutu hakina maudhui, na atakuwa amesema juu ya macho yake mwenyewe.

Niingie katika urari, maana hapa ndipo jambo lilipo nono. Tandaza kanga nyingi chini, utaona kwamba upande wa kulia waujibu wa kushoto, na pembe nne za mji zajibizana kwa pambo moja. Aghalabu katikati pana duara, ua, au mikorosho iliyoelekezana. Ukifunika jina kwa kiganja, kisha ukaizungusha nguo juu chini, mara nyingi hutaona tofauti. Ondoa kiganja, na papo hapo nguo imepata miguu na kichwa. Jina, katika kijisanduku chake juu ya pindo la chini, ndilo linaloipa kanga mwelekeo. Kwa hiyo, kabla ya kuwa sentensi, jina ni kipengele cha mchoro: mstari mlalo, mzito, uliovunja ulinganifu kamili ili nguo isizunguke bure machoni. Hata asiyejua kusoma hujua kwa hilo jina upande upi uende chini. Ndiyo maana sikubali kwamba pindo na mji ni fremu ya maneno. Yapo maneno ambayo ni sehemu ya fremu.

Mshairi wa Kiswahili hatashangaa. Katika ubeti, mishororo huenda ikijibizana kwa vina vya kati na vya mwisho, na mwishoni huja kituo, ambacho mara nyingi huvunja mpango ule ili ubeti upate mahali pa kutua. Jina limekaa katika kanga pale pale kituo kinapokaa katika ubeti. Mlinganisho huu una mpaka wake, nakiri: kituo husomwa mwisho, ilhali jicho la msomaji hukimbilia jina kwanza, likiwa na pupa ya kujua nani amesemwa. Lakini mwanamke dukani hafanyi hivyo sikuzote. Nimewatazama wengi wakiikunjua doti, wakishika pindo, wakiipima rangi na ngozi yao, kisha ndipo waulize au wasome jina.

Na maneno yenyewe yamefinyangwa na sanduku lake. Chukua lile jina lililonitia aibu. *Japo sipati* ina mizani tano, *tamaa sikati* ina sita. Vina vyake vimetimia, na mizani imekaribia bila kutimia. Ukilitazama limechapwa, utaona nusu mbili zinazolingana kwa jicho kama pindo la kulia na la kushoto. Sisemi kwamba kanga imezaa urari wa methali. Methali zilikuwako kabla ya kanga. Nasema kwamba katika bahari ya misemo, kanga imependa ile inayoweza kugawanyika katikati, kwa sababu nguo yenyewe yagawanyika katikati. Mpaka ni wa sentimita, na pia ni wa lugha.

Hapa nastahili kupingwa, na pingamizi ni zito. Kwa miaka mingi kanga zilichapishwa Uholanzi, Uhindi na Japani, na baadaye katika viwanda vya Kenya na Tanzania. Mchoraji wa ng'ambo yawezekana hakujua neno moja la Kiswahili. Mwenye duka alimpelekea maneno, naye akayatia katika sanduku. Jina lile lile hutokea juu ya mikorosho mwaka huu, na juu ya mawaridi mwaka ujao. Iwapo ndoa ya jina na mji ni ya bahati nasibu, mhakiki atasomaje umoja mahali ambapo hakuna aliyeukusudia?

Nimelifikiri swali hili kwa muda, na nadhani jibu la kweli ni kukubali nusu yake. Katika kanga nyingi hakuna makusudi ya msanii mmoja, na mhakiki anayetafuta uhusiano wa siri baina ya kila korosho na kila neno atajidanganya. Lakini umoja wa kanga haukamiliki kiwandani. Hukamilishwa na anayeichagua. Yeye ndiye anayekataa mawaridi na kuchukua mikorosho ingawa jina ni moja, kwa kuwa atakwenda nayo matangani na si arusini, au kwa kuwa jirani anayekusudiwa ataliona pindo jekundu kutoka ng'ambo ya uchochoro na atajua la kufanya kabla hajakaribia kusoma. Shangazi alipoiuliza ile ya mikorosho alikuwa akiuliza juu ya uteuzi huo. Uteuzi huo hauandikwi popote ila katika kumbukumbu za watu, na kadi zetu haziupi hata mstari mmoja.

Katika kuvaa ndipo vitabu vya kanuni za usanifu vinapotuacha njiani. Karibu vyote vimeandikwa kwa picha inayotundikwa ukutani: bapa, iliyotulia, inayotazamwa kutoka mbele. Urari wake ni wa mstatili. Kanga hutandazwa dukani na juu ya kamba ya kuanikia tu. Iliyobaki ya maisha yake imezunguka mwili unaokwenda. Mji uliokuwa na kitovu kimoja unakunjwa, pembe mbili hupotea chini ya kikunjo, pindo la ubavuni huwa mstari wima mbele ya mwili, na jina huhamia nyuma. Mwenye kanga hajisomei jina lake. Anasomwa anapokuwa amekwisha kupita. Basi mkazo, ambao katika picha hukaa mahali pamoja, katika kanga huhama kwa hatua za mvaaji. Na mapigo ya pindo, ambayo sakafuni ni takriri tu, hupata mwendo. Hata mguso, kipengele ambacho waandishi hukitaja kwa haraka, hapa hubadilika kwa wakati: kanga mpya imekakamaa kwa wanga na mistari yake imenyooka, ilhali iliyofuliwa mara nyingi hulegea na kuumbika na mwili.

Kanga za sura za viongozi zatuthibitishia hayo kwa njia ya kuchekesha kidogo. Mchoraji anayefuata kanuni ya mkazo huweka sura ya mheshimiwa katikati ya mji. Hivyo ndivyo ilivyofanywa katika kanga iliyochapishwa mwaka 2008, Barack Obama alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani. Ikiwa imetandazwa, haina kasoro. Ikivaliwa kiunoni, katikati ya mji huangukia pale ambapo hakuna mheshimiwa anayetaka sura yake ikaliwe. Wanawake hulitatua tatizo hilo kwa kuhamisha kikunjo au kuivaa mabegani, yaani kwa kuisanifu upya nguo iliyokuwa imesanifiwa na mtu asiyeivaa.

Nimalizie na istilahi, kwa kuwa jambo hili huletwa mezani kila tunapokaa kutunga mitaala. Tunaelekea kufasiri orodha ya Kizungu neno kwa neno, kisha tukalalamika kwamba Kiswahili hakina lugha ya sanaa za macho. Washairi wetu waliazima *mizani* kutoka sokoni, na *urari* ni neno la wenye hesabu kabla ya kuwa la wenye vina. Kama lugha iliweza kuichukua mizani ya kupimia nafaka ikapimia silabi, haishindwi kuichukua tena ikapimia rangi. *Takriri* tunayo; *ukinzani* tunao; *kituo* tumekwisha kukiona kikifanya kazi. Na *mji* na *pindo* ningependa yatoke katika kanga yaingie katika uhakiki wa jumla, ili mwanafunzi aweze kusema juu ya mlango wa Lamu kwamba nakshi imebanwa katika pindo la fremu na mji wa mbao ukaachwa wazi, na mwenzake akamwelewa bila kamusi. Baadhi ya wenzangu wataona kwamba hayo ni maneno ya wanawake wa sokoni na hayafai kuwa istilahi. Siwezi kuwajibu ila kwa kuwauliza mizani ilitoka wapi.

Tangu siku ile kwa shangazi nimekuwa nikizipitia upya kadi za tasnifu yangu. Kila kadi sasa ina mstatili mdogo uliochorwa kwa mkono, mahali pa rangi, na mstari wa kuandika nguo ilivaliwa na nani, wapi, na kwa nini hiyo wala si nyingine. Tumekaa jioni nyingi, yeye akieleza, mimi nikichora vibaya, naye akinisahihisha pindo. Ile ya *Japo sipati* ilikuwa ya mikorosho. Ameitoa kabatini mwenyewe, imechakaa, na nyekundu yake imegeuka kuwa ya matofali. Za majina mengine mengi hakuna tena aliye nazo, na kadi zake zimebaki na mistatili mitupu.